Je, Wajua? Mtoto Anayedondosha Kila Kitu Huenda Si Mzembe

Kati ya watoto 100 wa umri wa shule ya msingi, watano au sita hivi wana dispraksia. Ubongo wao hupata shida kupanga na kuratibu miendo ya mwili. Misuli ni mizima na akili haina kasoro, lakini kufunga vifungo vya shati, kudaka mpira au kumimina chai bila kuimwaga huwa kazi ngumu.

Darasani ndiko wanakoumia zaidi. Mtoto hujibu swali vizuri kwa mdomo, kisha akashindwa kuliandika jibu lilelile. Mkono unachoka, mistari inapanda na kushuka, na wakati bado anakazana kuziumba herufi, mwalimu ameshafuta ubao. Daftari likisahihishwa, anaitwa mvivu. Huko ni kumwonea, na viboko havitamfundisha kuandika.

Watoto njiti wamo katika hatari zaidi ya kuwa na dispraksia. Kwa kawaida wataalamu hawaithibitishi hali hii kabla ya mtoto kufikisha miaka 5, kwa kuwa watoto hukua kwa kasi tofauti. Daniel Radcliffe, mwigizaji wa Harry Potter, alieleza mwaka 2008 kuwa anayo kwa kiwango kidogo. Kufunga kamba za viatu kulimsumbua hata ukubwani.

Dispraksia haina dawa ya kumeza. Kinachosaidia ni mtoto kuizoea kazi inayomshinda hatua kwa hatua, akiongozwa na mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Nawe mwalimu, mwongezee muda, mpe nakala ya maandishi ya ubaoni, na umruhusu kujibu kwa mdomo.