Mfalme Aliyejinunulia Bwana

Somo: 2 Wafalme 16:5-18



Mara nyingi twadhani kwamba taifa dogo hupoteza uhuru siku ile adui anapovunja malango yake. Yuda haikuupoteza hivyo. Yapata mwaka 734 kabla ya Kristo, Resini mfalme wa Shamu na Peka mfalme wa Israeli waliuzunguka mji wa Yerusalemu. Nabii Isaya alimwambia mfalme Ahazi atulie, asiwaogope. Ahazi hakusikia. Alitwaa fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana, akampelekea Tiglath-pileseri, mfalme wa Ashuru, akijiita mtumishi wake, ili aje amwokoe.

Naye alikuja. Dameski ilianguka mwaka 732, Resini akauawa. Machoni pa watu, Ahazi alikuwa ameshinda. Lakini tazameni yaliyofuata. Kwanza, zawadi ikawa kodi. Maandishi ya Waashuru wenyewe yamtaja Ahazi miongoni mwa wafalme waliolipa. Pili, alipokwenda Dameski kumlaki bwana wake mpya, aliona madhabahu huko, akamwagiza kuhani Uria ajenge nyingine ya mfano huo Yerusalemu. Tatu, alibadili hata nyumba ya Bwana kwa ajili ya mfalme wa Ashuru. Ilianza kwenda hazina, ikafuata ibada. Kiti cha enzi kilibaki, lakini aliyekikalia alikuwa mtumishi wa mwingine.

Mzigo huo aliurithi mwanawe. Hezekia alipoasi, Senakeribu alikuja mwaka 701, akaitwaa miji ya Yuda yenye maboma, akamtoza talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Bwana aliuokoa Yerusalemu, lakini nchi ilikuwa imeharibiwa. Baba aliogopa, watoto wakalipa.

Ndugu zangu, hata kanisa laweza kuifuata njia ya Ahazi. Paa linavuja, nasi twamwalika tajiri awe mgeni wa heshima katika harambee. Kupokea msaada si dhambi. Lakini ikiwa tangu siku ile mhubiri hathubutu kukemea dhuluma ya mtu huyo, basi tumekwisha kumlipa kwa mali ya Bwana. Kabla ya kunyosha mkono, tuulize: Je, huyu atadai nini kesho? Na je, tumemwuliza Mungu kwanza?

Tuombe. Ee Bwana, utuondolee hofu inayotufanya tuuze tulichopewa na wewe. Amina.