Hoteli ya Juu Kabisa Pwani ya Kusini, na Rekodi Nyingine za Kwale

Mkenya akitajiwa hoteli ya kifahari ya milimani, ile yenye historia yake, mawazo hukimbilia Nyeri na Nanyuki. Ana haki. Treetops, katika msitu wa Aberdare, ilianza mwaka 1932 ikiwa kibanda cha vyumba viwili juu ya mti wa mugumo, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alilala humo binti mfalme Elizabeth asijue kwamba baba yake anakata roho huko Uingereza na yeye ndiye malkia. Mwezi Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliiteketeza, ikajengwa upya miaka mitatu baadaye. Mount Kenya Safari Club ya Nanyuki, aliyoianzisha mwigizaji William Holden na wenzake mwaka 1959, inapitiwa na mstari wa ikweta na iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kule wageni huota moto kila jioni.

Kwale hatuna cha kushindana na hayo. Vilele vya Shimba havifiki mita 500. Mtu wa Nyeri akiviona ataviita matuta. Lakini huku kwetu, ambako mkazi wa Ukunda aweza kumaliza mwaka mzima bila kuona kitu kirefu kuliko mnazi, mita 400 ni habari. Hewa inabadilika, miti inabadilika, na wanyama wanaokupita njiani si wale uliowaacha chini.

Kabla ya kuanza, kanuni ni moja. Sichukui "bora zaidi" wala "ya kuvutia zaidi", maana sifa hizo mwenye hoteli hujipimia mwenyewe, kisha akaziandika langoni kwa rangi ya dhahabu. Nachukua kilicho cha pekee, cha kwanza, cha kale, au kinachohesabika. Kwa kipimo hicho Kwale ina mengi ya kusema, na mengi yenyewe hayamo ndani ya hoteli bali yamezizunguka.

Ya pekee mitini

Shimba Hills Lodge ndiyo hoteli ya pekee ya mitini katika pwani yote ya Kenya. Imejengwa kwa mbao, ghorofa juu ya ghorofa, ndani ya msitu hasa, si pembeni mwake. Mbele yake kuna bwawa la maji linalomulikwa taa usiku ili wageni waone nani amekuja kunywa. Upande mmoja linaanzia daraja la mbao linalopita katikati ya matawi, hata unatembea huku majani yakikugusa bega na ndege wakiruka chini ya miguu yako.

Anayetafuta marumaru na bwawa la kuogelea atanung'unika. Vyumba ni vidogo, sakafu hulia ukikanyaga, na jirani akikohoa unaweza kumpa pole bila kupaza sauti. Anasa ya hapa ni nyingine. Jua likishatua, komba hushuka kutoka mitini mpaka kwenye ukingo wa baraza. Macho ni makubwa kupita kiasi cha uso, na vidole vyake vimeumbika kama vya mtoto mchanga: hukamata kipande cha ndizi kwa mikono miwili, akakigeuza, akakinusa, akakutazama, kisha akala. Watu wazima waliokuwa wakibishana kuhusu bili hunyamaza wote. Bwawani furukombe huanza makelele mapema asubuhi, kenge hujianika ukingoni, na ndovu huja wanapotaka wao. Chui yumo msituni, lakini usimpangie ratiba.

Halafu kuna baridi. Upepo wa baharini ukigonga vilima hivi hupanda, ukapoa, ukawa ukungu, na alfajiri msitu mzima unadondoka maji ingawa hakuna mvua. Watu wa Mombasa husikia habari ya baridi ya Kwale wakacheka, kisha usiku wa manane wakaulizia blanketi la pili. Ukungu ukiondoka, nenda Giriama Point: bahari yote imelala mbele yako, kutoka kwenye kilima cha msitu ambamo ndovu wanatembea. Hilo Nanyuki hawana.

Hata maji wanayokunywa watu wa Mombasa yana mkono wa vilima hivi. Chemchemi ya Marere, ndani ya hifadhi ya Shimba, imekuwa ikipeleka maji mjini tangu enzi za mkoloni. Maji mengine ya vilima hivi huteremka mahali pamoja pa kuvutia, maporomoko ya Sheldrick, mita 21, yaliyopewa jina la David Sheldrick, mkuu wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Thomson's ya Nyahururu ina mita 74, kwa hiyo hatutii neno. Tofauti ni kwamba huku unafika kwa miguu, mwendo wa kilomita 2 hivi ukiongozwa na askari wa shirika la wanyamapori, KWS, mwenye bunduki, na ukifika unavua viatu na kujitosa.

Mwenyeji adimu kuliko wote

Rekodi nzito kuliko zote za Shimba ni ya mnyama. Palahala hapatikani mahali pengine popote nchini Kenya. Dume ni mweusi wa kung'aa, tumbo jeupe, pembe zimepinda kurudi nyuma mpaka karibu kugusa mgongo, na husimama wazi kwenye nyasi kana kwamba hajui ana bahati mbaya. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu palahala 51. Nchi nzima. Ukiwakuta kumi katika uwanda mmoja umeona karibu mmoja kwa kila watano walioko Kenya.

Kwa ndovu tatizo lilikuwa kinyume chake. Hifadhi ni ndogo, imezungukwa na mashamba, na ndovu waliongezeka wakawa wanaingia kwenye mahindi ya watu. Mwaka 2005 KWS ilihamisha ndovu 150 kutoka Shimba na Mwaluganje jirani yake kwenda Tsavo Mashariki, kwa malori, katika muda wa siku 32. Jaribu kuwaza kazi hiyo: ndovu anachomwa dawa ya usingizi kutoka kwenye helikopta, anainuliwa kwa kreni, anapakiwa, anaamshwa, na saa hizo zote anatakiwa apumue vizuri. Ni miongoni mwa uhamisho mkubwa wa ndovu uliopata kufanyika nchini. Baadhi yao, tusifiche, walijirudia nyumbani kwa miguu.

Miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 1995, wenye mashamba wa Mwaluganje walikuwa tayari wameamua lao. Badala ya kupigana na ndovu kila msimu, waliunganisha ardhi yao ikawa hifadhi na njia ya kupitia ndovu, nao wakawa wanagawana mapato ya langoni. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa kijasiri zaidi katika orodha hii yote, kwa sababu shamba la mtu wa Kwale ndilo chakula chake cha mwakani.

Chini ya ardhi, na miaka mingi nyuma

Tuteremke Diani. Meza za chini kabisa za kulia chakula huku ni za Ali Barbour's Cave, mkahawa uliofunguliwa miaka ya 1980 ndani ya pango la matumbawe. Umri wa pango hukadiriwa kuwa kati ya miaka 120,000 na 180,000. Sehemu ya paa iko wazi, hivyo unakula kamba huku nyota zikiwa juu yako. Bei zake pia zina kimo.

Hoteli kubwa za Diani nyingi zilijengwa miaka ya 1970, wakati ndege za watalii kutoka Ujerumani na Uswisi zilipoanza kushusha watu kwa mamia. Leopard Beach ni ya 1974. Ni wazee kwa kipimo cha hoteli, lakini ukitaka uzee wa kweli tembea ufukweni kuelekea kaskazini mpaka mto Mwachema unapoingia baharini. Hapo, chini ya mibuyu, upo Msikiti wa Kongo, wa karne ya 14, na bado unaswaliwa. Majengo mengine yote ya Diani ni watoto wake. Na kwa kuwa tumetaja mibuyu, kuna mmoja Diani wenye mzingo wa mita 22, unaolindwa kwa amri ya rais. Zipo nchi ambazo hata binadamu hawajapata ulinzi wa namna hiyo.

Kusini kidogo ni Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa hekta 30 hivi wa Wadigo. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na Kinondo ni mojawapo. Ndiyo kaya ya kwanza kuwafungulia wageni mlango kwa utaratibu maalumu, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unafungwa kitambaa cheusi kiunoni, unaambiwa usichukue hata jani, na wapenzi wanaonywa wasipigane busu humo ndani. Mgeni mwenye chumba cha maelfu ya shilingi kwa usiku, hatua chache kutoka hapo, anatii sawa na wengine. Napenda sana usawa huo.

Tuzo za Diani nazipita haraka. Tangu 2015 ufuo huu umeshinda mara kadhaa tuzo ya World Travel Awards ya kuwa mahali bora pa ufukweni barani Afrika. Ni heri, lakini ni kura, na kura mnajua mambo yake. Mimi navutiwa zaidi na mbega wa Diani, ambao tangu shirika la Colobus Conservation lianzishwe mwaka 1997 wametundikiwa madaraja ya kamba juu ya barabara ili wavuke bila kugongwa. Wanayatumia kweli. Kaa hapo jioni uone mama mwenye mtoto kifuani akivuka juu ya matatu zinazopiga honi.

Mgeni aliyepata hasara kuliko wote

Nyeri wana malkia wao. Kwale tuna Ernest Hemingway, na ziara yake haikuwa ya kustarehe. Januari 1954 alianguka na ndege karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda. Akapona. Ndege nyingine iliyokuja kumchukua ikawaka moto ikijaribu kuruka kutoka Butiaba. Akapona tena, ingawa kichwa na matumbo viliumia vibaya, na magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kuandika tanzia zake. Mtu mwingine angelala kitandani Nairobi. Yeye akaja Shimoni, kwenye kambi ya wavuvi, kutafuta samaki wakubwa wa mkondo wa Pemba. Moto wa msituni ukazuka karibu na kambi, akaenda kusaidia kuuzima, akaanguka ndani yake, akaungua miguu, kifua, midomo na mkono. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi na hakuweza kusafiri kwenda Stockholm kuipokea. Hakuna mgeni mwingine wa pwani hii aliyemkaribia kwa mikosi.

Mkondo ule bado una sifa ya samaki wakubwa, na ng'ambo ya Shimoni iko Wasini, kisiwa kisicho na hata gari moja. Wanaokuja siku hizi wengi huvaa miwani ya kuzamia na kwenda Kisite kuona matumbawe na pomboo.

Ya kwanza duniani

Ipo rekodi moja ya Kwale ambayo si ya pwani wala ya Kenya peke yake. Ni ya dunia, na iko Gazi, kijiji alichokitawala Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kazi mwaka 2013, ndio wa kwanza popote duniani ambao wanakijiji wenyewe wanalinda mikoko yao na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo. Ni hekta 117 tu. Pesa zinazopatikana zimeingia katika maji ya bomba, shule na zahanati. Vanga wakaona, wakafuata nyayo. Akina mama wa Gazi nao wana njia yao ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya mikoko, na ukiagiza mapema watakupikia samaki wa nazi ambao hoteli za Diani hazijawaweza.

Ukitaka kwenda

Siku hizi si lazima kupanga foleni ya feri Likoni. Barabara ya Dongo Kundu inavuka maji kwa madaraja kadhaa, na lile la Mteza, lenye mita 1,440, lilipokamilika lilitajwa kuwa refu kuliko yote Kenya. Lango la Shimba liko karibu na mji wa Kwale. Ada ya KWS hulipwa kwa eCitizen kabla ya kufika, noti zako baki nazo. Piga simu hotelini kwanza ujue kama wanapokea wageni siku hiyo. Beba sweta, hasa kati ya Juni na Agosti wakati wa kusi. Palahala watafute asubuhi na mapema kwenye nyasi fupi, maana jua likikaza hujificha. Na mvua ikiwa imenyesha usiku, udongo mwekundu wa huko huteleza kwelikweli: gari dogo liache Kwale mjini.