Mwalimu Aliyebaki na Mwanafunzi Mmoja

Rachel Carson alipoingia chuo cha wanawake mjini Pittsburgh, nchini Marekani, mwaka 1925, mama yake alianza kuuza vyombo vya nyumbani. Vilikuwa vyombo vya kauri, vile ambavyo familia huvihifadhi kabatini kwa ajili ya wageni. Aliuza pia matufaha ya shambani na kuku, na akaongeza idadi ya watoto aliokuwa akiwafundisha kinanda kwa malipo. Msaada wa masomo aliopewa binti haukutosha karo, na baba hakuwa na kipato cha kutegemewa.

Wazazi wenzangu, jambo hili halihitaji ufafanuzi mrefu. Wangapi miongoni mwetu tulisomeshwa kwa bangili ya mama iliyokwenda kwa sonara isirudi?

Mama huyo aliitwa Maria McLean Carson. Alizaliwa mwaka 1869, binti wa mchungaji aliyefariki angali mtoto, akalelewa na mama mjane pamoja na dada yake. Alihitimu shule ya juu ya wasichana mwaka 1887, akiwa hodari wa Kilatini na muziki, kisha akawa mwalimu wa shule. Mwaka 1894 aliolewa na Robert Carson, na kwa kanuni ya zama zile mwalimu wa kike akiolewa hupoteza nafasi yake darasani. Akaiacha kazi. Kanuni hiyo ilikuwa dhuluma, nami sioni haja ya kuipamba. Watoto wa mji ule walimpoteza mwalimu mahiri kwa sababu tu amekuwa mke wa mtu.

Mwaka 1900 familia ilihamia Springdale, kando ya mto Allegheny katika jimbo la Pennsylvania, kwenye shamba la ekari zaidi ya 60. Nyumba ilikuwa ndogo, haina maji ya bomba, na choo kilikuwa nje. Baba alitarajia kuuza viwanja apate utajiri, utajiri haukuja. Mji wenyewe ulikuwa na kiwanda cha gundi kilichonuka na, baadaye, mitambo ya umeme. Lakini ndani ya shamba mlikuwa na miti ya matunda, msitu, na ndege wa kila namna. Rachel, kitindamimba, alizaliwa hapo mwaka 1907. Kaka na dada yake walikwishaanza shule, kwa hiyo mchana kutwa mama na mtoto walibaki wawili, na mama akapata tena mwanafunzi.

Enzi hizo palikuwa na vuguvugu la walimu Marekani waliotaka mtoto ajifunze viumbe kwa kuwatazama walipo, badala ya kukariri majina yao kitabuni. Bibi Anna Botsford Comstock aliandika mwongozo mkubwa wa somo hilo mwaka 1911, na Maria alikuwa miongoni mwa waliolipokea kwa moyo wote. Akamchukua mwanawe msituni na bustanini, wakasikiliza ndege, wakachungulia viota na kugeuza mawe kuona nini kinaishi chini yake, kisha kila kitu kikarudishwa mahali pake. Mdudu aliyeingia nyumbani hakuuawa. Maria alimchukua akamtoa nje. Jambo dogo, lakini mtoto akiliona kila siku kwa miaka kumi, hahitaji tena kuhubiriwa huruma.

Jioni palikuwa na kusoma kwa sauti. Mtoto alipougua, au magonjwa yalipoenea mjini, mama alimzuia nyumbani akamfundisha mwenyewe, na alama zake shuleni hazikushuka. Akiwa na miaka 11 hadithi yake ya kwanza ilichapishwa katika gazeti la watoto.

Hata hivyo, haki itendeke katika kusimulia. Watoto wawili wakubwa hawakufika chuo, na ni vigumu kusoma maisha ya nyumba ile bila kuuliza kama jua la mama liliwaka upande mmoja zaidi. Sidhani kwamba aliwapenda kidogo. Nadhani walizaliwa mikono yake ikiwa imejaa mno, na Rachel akamkuta mama aliyepata nafasi. Wengi wenye watoto sita au saba wanalijua hili, ingawa hatulisemi.

Mapenzi hayo yalikuwa na uzito wake pia. Rachel alipokuwa chuoni, mama alimtembelea karibu kila mwisho wa juma na kumpigia chapa kazi zake za masomo. Wenzake walicheka. Baadaye waliishi pamoja hadi mwisho, na Rachel hakuolewa. Baba alifariki mwaka 1935. Mwaka 1937 akafariki dada mkubwa, akiacha mabinti wawili wadogo. Maria, akikaribia miaka 70, akaanza ulezi upya. Rachel aliajiriwa katika idara ya serikali ya uvuvi, mshahara wake ukilisha nyumba nzima. Usiku aliandika, na bibi mzee akaendelea kupiga chapa. Kitabu cha kwanza cha Rachel, kilichohusu viumbe wa bahari, kilitoka mwaka 1941 akakitunuku kwa mama yake. Ajabu ni kwamba binti huyu wa bara hakuwahi kuiona bahari kwa macho hadi alipokuwa na miaka 22.

Mwaka 1956 Rachel aliandika makala kwa wazazi, akitokana na matembezi yake pwani na kitukuu wa Maria. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mzazi asiogope kutojua majina ya ndege na miti. Mtoto anamhitaji mtu mzima mmoja wa kustaajabu pamoja naye. Anayejua historia ya lile shamba la Springdale anatambua hoja hiyo ilikotoka.

Kisha ikaja kazi nzito. Mapema mwaka 1958 barua ya rafiki ilimweleza Rachel jinsi ndege walivyokufa baada ya dawa ya DDT kunyunyizwa kutoka angani. Akaanza kukusanya ushahidi. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Silent Spring, kilitoka mwaka 1962. Wenye viwanda vya dawa walimshambulia vikali, lakini mwaka uliofuata jopo la wanasayansi wa Rais Kennedy liliafiki maonyo yake, na mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku matumizi karibu yote ya dawa hiyo mashambani. Rachel hakuishi kuliona hilo. Saratani ilimchukua mwaka 1964.

Maria hakukiona hata kitabu. Aliugua ghafla mwishoni mwa Novemba 1958, akafariki mwanzoni mwa Desemba, akiwa na miaka 89. Rachel alimwandikia rafiki kwamba sifa kubwa ya mama yake ilikuwa kupenda kila chenye uhai, na kwamba mtu huyo mpole aliweza kupigana kwa ukali dhidi ya alichokiona kuwa kosa. Usiku wa mwisho alikesha kando ya kitanda akiushika mkono wa mama. Mara chache alinyanyuka, akaenda sebuleni gizani, akatazama dirishani miti na nyota zilizokuwa juu yake, kisha akarudi kuketi.