Tabora Haianzii Stesheni

"Tutafutie gesti ya bei nafuu karibu na stesheni." Kwa mtu ambaye kazi yake ni kupokea wageni Tabora, ombi hili ni la kila wiki, na likizo ya Juni ikikaribia huwa la kila siku. Safari hii limetoka kwa familia ya Dar es Salaam inayotaka kuifuata njia ya kale ya misafara: siku mbili Tabora, kisha Kigoma na Ujiji. Wamejiandaa vizuri. Wana ramani, wana orodha ya wanavyotaka kuviona, na baba wa familia amesoma historia kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwatembeza. Lakini kwenye malazi wamerudi palepale pa wenzao wote. Nimechoka kulijibu kwa mtu mmojammoja, kwa hiyo leo nalijibu hapa.

Stesheni ya Tabora utaigusa mara mbili: unaposhuka na unapopanda. Siku zote za katikati uko kwingine. Anayechagua chumba kwa kupima hatua kutoka stesheni analipia usiku wake wote kwa ajili ya dakika chache za kubeba begi, halafu kila asubuhi anaanza siku akiwa upande usiokuwa wake.

Angalia mji ulivyokaa. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani walishaweka makazi Unyanyembe, eneo ulipo mji huu, katika miaka ya 1850. Wapelelezi Burton na Speke walipoingia Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, Novemba 1857, walikuta nyumba, mashamba na wenyeji wenye desturi ya kumpokea mgeni. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Tabora mwaka 1912. Yaani reli iliukuta mji una zaidi ya nusu karne, umeshajipanga, na stesheni ikawekwa upande wa mashariki. Kwihara, lilipo Tembe la Livingstone, iko kusini-magharibi, kilomita saba hivi kutoka katikati ya mji. Kwa hiyo ukilala stesheni, kila unapokwenda Kwihara unalipa kwanza nauli ya kuvuka mji, ndipo uanze safari yenyewe. Itetemia kwa Mtemi Isike, aliyewasha baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 Wajerumani walipoivamia, nako stesheni haikusogezi.

Kosa hili haliishii Tabora, na ndiyo maana linanikera. Njia ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, ikaishia Ujiji. Reli ilianzia Dar es Salaam na mwaka 1914 ikafika ziwani Kigoma. Kwenye ramani ndogo ya kitabu cha shule mistari hiyo miwili inakaribia kulaliana, na mgeni anaamini kwamba akishika reli ameshika njia ya misafara. Sivyo. Bagamoyo haina reli, Ujiji haina stesheni, na Kwihara iko mbali na stesheni ya Tabora. Mahali hapo patatu ndipo safari nzima ilipo.

Sasa imani hii ya kulala karibu na stesheni imetoka wapi? Kwa sehemu kubwa imetoka stendi. Kwa miaka mingi mabasi yetu yalizuiwa kusafiri usiku, hadi ruhusa iliporudishwa mwaka 2023. Basi la kwenda mbali liliondoka alfajiri, na abiria mwenye akili alilala gesti inayotazamana na stendi ili honi ya kwanza imkute tayari na mfuko begani. Ulikuwa uamuzi sahihi kwa msafiri anayepita. Tatizo ni kwamba tumeuhamisha, mzima mzima, kwa mtu anayekuja kukaa. Anayepita anahitaji mlango wa kutokea. Anayekaa siku mbili anahitaji mahali pa kula jioni, duka la dawa, pikipiki ya asubuhi, na soko la kununulia asali ya Tabora.

Wengine wameitoa Ulaya. Kijana aliyewahi kutembelea Florence ananiambia alilala karibu na stesheni ya Santa Maria Novella na akawa anatembea kwa miguu hadi kanisa kuu. Ni kweli, kwa sababu kule stesheni imekaa kando kabisa ya mji wa kale. Lakini Italia hiyohiyo ina Mestre. Watu wanaona bei nzuri, wanaona neno Venice kwenye tangazo, wanalipa, na wanagundua baadaye kwamba wako bara, ng'ambo ya maji, na kila asubuhi lazima wapande treni au basi kuufikia mji waliousafiria. Stesheni ya Mestre iko hatua chache kutoka kitandani kwao, na haiwasaidii kitu. Kila mji una jibu lake, na jibu hilo linategemea nani alitangulia kufika, mji au reli, na vimeachana kiasi gani.

Nikisema hivi, ninajibiwa: "Lakini treni inafika usiku." Haya, tuuhesabu huo usiku.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa reli ya zamani ni karibu kilomita 840. Kwa mwendo huo, kuchelewa kidogo Morogoro na kidogo Dodoma kunatosha kukushusha saa tisa usiku wakati ulijipanga kufika jioni. Unatoka na begi, unavuka barabara, unagonga dirisha la gesti ya kwanza yenye taa. Dada wa mapokezi anaamka, anakuandika kwenye daftari, anapokea hela ya usiku mzima na kukupa ufunguo. Ukimaliza kuoga ni saa kumi. Saa nne asubuhi mlango unagongwa: siku ya chumba imekwisha, unaongeza au unatoka? Hujaibiwa. Gesti nyingi nchini zinahesabu siku hadi saa nne asubuhi, na dada huyo anafuata utaratibu wa mwajiri wake. Lakini ile "bei nafuu" uliyoisifia umeilipa kwa saa sita, na ukibaki siku nzima utailipa tena. Mtu aliyeshuka kwenye treni saa hiyo, watoto wamelala begani, hana nguvu ya kubishana bei, na kila mwenye gesti iliyo mbele ya stesheni analijua hilo.

Dawa yake ni sentensi moja kwenye simu kabla ya safari: "Nikifika alfajiri, siku yangu inaanza kuhesabiwa saa ngapi?" Gesti ya mjini inayotaka mgeni wa siku mbili itakupa jibu la kukusaidia. Wengine watakuambia wanaanza kuhesabu asubuhi, wengine watakupa nusu bei. Isiyotaka hata kulijibu swali hilo, iache.

Kuhusu usingizi wenyewe, nadhani wageni hawajui Tabora ni nini kwenye reli. Hapa ndipo njia zinapogawanyika, moja kwenda Kigoma, nyingine kwenda Mwanza tangu 1928, na ya Mpanda inachepuka huko mbele Kaliua. Mabehewa yanakatwa na kuungwa hapahapa. Injini inasukuma, vyuma vinagongana kimoja baada ya kingine hadi mwisho wa mstari, honi inapigwa, kisha kimya, kisha inaanza upya. Treni za mizigo hazichagui saa. Ukilala hapo ukiwa umechoka utapata usingizi usiku wa kwanza. Usiku wa pili utakuwa unahesabu mabehewa.

Na usalama? Mgeni anaamini kutembea mita mia mbili gizani na mizigo, katika mji asioujua, ni salama kuliko kupanda bajaji kilomita mbili. Sielewi hesabu hiyo inavyofanywa. Kinachokulinda saa tisa usiku ni mtu mmoja anayejulikana, aliyetumwa na gesti yako, anayekusubiri mlangoni mwa stesheni akijua jina lako. Omba namba ya dereva wa gesti mapema. Treni ikipita Goweko, mpigie. Ana muda wa kutosha kuamka, kunawa uso na kukutangulia. Nauli yake ni ndogo kuliko tofauti ya bei utakayoiokoa, na ukikaa naye vizuri ndiye atakayekupeleka Kwihara kesho yake.

Ninapotaka kumfundisha mgeni kuchagua malazi, ninampeleka kwa watu waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kabla yetu sote. Msafara uliotoka pwani ulikuwa na mamia ya watu wa kulazwa kila siku, na kiongozi wake hakuuliza kambi iko karibu na nini. Aliuliza maji. Kati ya Ugogo na Unyamwezi walivuka Mgunda Mkali, pori la vichaka lisilo na maji ya kuaminika, ambalo abiria wa leo analipita usingizini baada ya Manyoni. Waliokosea kituo huko walikosea maisha. Wakifika Unyanyembe ndipo walipumzika kwa kweli: wapagazi wa pwani walimaliza mkataba wao, wengine wapya wakaajiriwa kwa safari ya Ujiji, na wakubwa wa msafara wakakaribishwa kwenye matembe, nyumba pana za udongo zenye paa bapa na uwanja ndani. Watu walikaa wiki, hata miezi. Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alikaa Kwihara kuanzia Juni hadi Septemba 1871. Livingstone, baada ya kuagana na Stanley Machi 1872, alibaki kwenye tembe la Kwihara hadi Agosti 25 akisubiri wapagazi kutoka pwani. (Na hapana, haiwezekani kulala humo. Ni makumbusho. Hili nalo naulizwa.)

Maji, basi. Ukionyeshwa chumba, usianze na televisheni. Ingia bafuni, fungua bomba, liache litiririke huku unakagua vingine. Likikata baada ya dakika moja, kilichokuwa kinatoka ni masalio ya bomba, na tanki la juu ni tupu. Kama kuna ndoo kubwa iliyojaa na kata juu yake, wenyewe wameshakuambia ukweli, na kwa bei ndogo hilo linakubalika. Kisha kifungue chandarua chote, usikitazame kikiwa kimefungwa fundo juu ya kitanda. Kishushe, kizungushe, tafuta matundu upande wa ukutani ambako hakuna anayeangalia. Tabora msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, mbu hawana huruma. Tazama wavu wa dirisha kwenye kona. Mwisho simama kimya usikilize: kama kuna baa ng'ambo ya ukuta, saa nane mchana haitakuambia kitu, kwa hiyo uliza waziwazi muziki unazimwa saa ngapi.

Sasa machaguo, na niende haraka. Mwenye shilingi 25,000 hadi 40,000 kwa usiku na hana gari, atafute chumba chenye choo ndani maeneo ya Gongoni au Kanyenye, asiwe mbali na Soko Kuu, chakula na usafiri viwe mlangoni. Mwenye pungufu ya hapo aulize hosteli za makanisa. Wamoravian na Wakatoliki wana makao makubwa Tabora, na vyumba vya namna hiyo huwa safi na tulivu, ila uliza geti linafungwa saa ngapi kabla hujalipa. Mwenye zaidi aangalie Orion Tabora, iliyokuwa hoteli ya reli, katika jengo la enzi za Wajerumani. Hiyo iko upande wa stesheni na siikatai, kwa sababu anayekwenda pale analipia jengo, bustani na historia yake. Familia ichukue vyumba viwili vinavyotazamana badala ya kimoja "kikubwa", mara nyingi bei inakaribiana. Septemba na Oktoba ni joto, na feni bila umeme ni pambo, kwa hiyo uliza jenereta. Epuka wiki za wanafunzi kuripoti shuleni na za mahafali ya vyuo, maana mji wenye Tabora Boys, Tabora Girls, Chuo cha Reli na chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA unajaa wazazi ghafla na bei zinapanda. Lipa usiku mmoja kwanza, wa pili ukiridhika. Pikipiki au bajaji ya Kwihara ipatanwe kwenda, kusubiri na kurudi, kwa bei moja iliyotajwa kabla ya kuondoka, kwa kuwa kule usitegemee kupata ya kurudia. Nenda asubuhi. Ukipita mbele ya Boma la Wajerumani, usitoe kamera bila kuuliza.

Na ninyi familia ya Dar es Salaam, tiketi za Kigoma mzikate siku ileile mnayoshuka Tabora, mkiwa bado stesheni. Huko Kigoma nako msinitafutishe chumba cha stesheni: laleni Mwanga, zinakopita daladala za Ujiji, na mkishuka Ujiji ulizeni Makumbusho ya Dk. Livingstone, mtu yeyote atawaelekeza.