Jani la sukuma linapougua guniani

NG'AMBO ya Kawangware, katika majumba ya Lavington, watu hupanda maua chunguni na kuyaweka dirishani. Kawangware kwenyewe, na Kibera vilevile, chungu ni gunia na ua ni sukuma wiki. Jani la ua likiingia madoa, mwenyewe husikitika tu. Jani la sukuma likiingia madoa, mboga ya jioni imepungua, na pesa iliyokuwa ya unga inakwenda kwa mama mboga.

Kilimo hiki kilienea sana Kibera kuanzia mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, pale shirika la Kifaransa la Solidarités lilipowapa wakazi miche na mafunzo. Udongo uliochanganywa na samadi hujazwa guniani, katikati husimamishwa nguzo ya mawe madogo ya kupitishia maji, kisha miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni.

Basi, msomaji, jani likibadilika rangi usikimbilie dawa. Lichunguze kwanza.

Iwapo ni majani ya chini, yale makuukuu, yanayogeuka manjano, tia kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Udongo ukiwa mkavu, jibu umelipata. Ukiwa tepetepe na wenye kunuka, mizizi inakosa hewa: acha kumwagilia kwa siku kadhaa na utazame kama ile nguzo ya mawe imezibwa na tope. Ukiwa na unyevu wa kadiri, huenda mmea una njaa. Gunia ni dogo, walaji ni wengi, na kila unapomwagilia maji huondoka na chakula kidogo. Ongeza samadi iliyooza vyema; mbichi huunguza mizizi.

Kingo za majani zikikauka na kuwa za kahawia, fikiria maji unayotumia. Maji ya mtungi hununuliwa, na si ajabu yale ya kufulia yakamalizikia guniani. Chumvi za sabuni ya unga hubaki udongoni na kuukausha mmea ungali umelowa. Maji yaliyooshea mchele ni afadhali mara kumi.

Jani likijikunja, ligeuze. Chini yake utakuta vidukari, wadudu wenye unga wa kijivu waliobanana kama abiria wa matatu ya jioni, wakinyonya utomvu. Hapa gunia limelishinda shamba: mimea ni michache, hivyo unaweza kuwaponda kwa vidole. Wakizidi, koroga kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, unyunyizie upande wa chini wa majani wakati wa jioni, na urudie baada ya siku chache. Yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi mwache. Yeye hula vidukari. Matundu nayo ni kazi ya viwavi, na hao huokotwa kwa mkono.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi ni uozo mweusi. Manjano huanzia ukingoni mwa jani na kuingia ndani kwa umbo la herufi V, na mishipa ya jani hugeuka myeusi. Hauna dawa ya kuuponya. Ng'oa mche wote, uuchome, na usiutupe kwenye mbolea. Bakteria wake husafiri kwa matone ya maji yanayoruka, kwa hivyo mwagilia shinani, wala si juu ya majani. Magunia ya Kibera husimama bega kwa bega, na jirani asipoambiwa atakuwa wa pili kupoteza mboga. Katika udongo huo panda kunde, managu au spinachi; sukuma na kabeji zingoje miaka 2 hivi.

Kuna dhara moja ambalo jani halilionyeshi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti kuhusu madini mazito, kama risasi, katika kilimo cha mjini huko Kibera. Jani linaweza kung'aa kijani huku udongo ukiwa umechotwa jalalani au kando ya mtaro wa maji machafu. Kuosha mboga huondoa vumbi lililotua juu yake. Kilichopandia mizizini hakioshiki, kwa hivyo uliza udongo ulikotoka kabla gunia halijajazwa.