Ujira na Uso Mkunjufu

Mabwana wa kazi hupenda kutaja uchunguzi wa kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, Marekani, ulioanza mwaka 1924. Mwanga wa taa ulipoongezwa, kazi ilipanda. Ulipopunguzwa, mara nyingine haikushuka. Basi wakasema mfanyakazi ataka kuangaliwa tu.

Na ujira je? Uso mkunjufu ni sadaka, naam, lakini tumeusiwa kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka. Mwaka 1927 wasichana watano waliounda vifaa vya simu walitengewa chumba, wakaulizwa rai, wakapewa mapumziko. Lakini malipo yao nayo yakahesabiwa kwa kazi ya kikundi chao, si ya idara nzima. Hili wasimulizi hulipita mbio. Wawili, walioambiwa wanazungumza mno, waliondolewa 1928. Wakaletwa wengine, kazi ikazidi.