Fahamu: 'Flag' si bendera tu

Wengi wakisikia neno la Kiingereza 'flag' huwaza bendera, ile inayopepea shuleni au kwenye ofisi za serikali. Ni sawa, lakini neno hilo lina kazi nyingine.

Likiwa kitenzi, 'flag' ni kukiwekea kitu alama ili kiangaliwe zaidi. Ukiambiwa akaunti au posti yako imekuwa 'flagged', maana yake imetiliwa shaka na inatakiwa kukaguliwa. Si lazima iwe imefutwa. Ila usikimbilie kubonyeza linki iliyokuja na ujumbe huo, kwani matapeli nao hutumia maneno hayohayo ili wakuibie nywila. Fungua programu yenyewe uhakikishe.

'Flag down' ni kupunga mkono ili gari lisimame, kama unavyosimamisha teksi au bodaboda. Na mtu akisema nguvu zake zinaanza 'flag', hapo hakuna bendera kabisa: anachoka.

Halafu kuna 'red flag', yaani bendera nyekundu. Ufukweni huonya kuwa maji ni hatari. Kwenye mbio za magari za Formula 1, ikipungwa, mbio zinasimama. Vijana nao wameipeleka kwenye mapenzi: ni dalili mbaya inayoonekana mapema. Mfano, mchumba wa mtandaoni anayekuomba pesa na hamjawahi kuonana.

Kwa hiyo ukikutana na 'flag', soma sentensi nzima kwanza. Mara nyingi utakuta unaonywa.